Kalenda ya Mkurugenzi Shaukat

"Imekataa tena," alisema mhandisi Nermini, na kompyuta ikalia kama kifaranga aliyekanyagwa.

Bayumi, mtu wa chai wa ofisi ya idhini za matibabu, alikuwa anafuta meza ambayo alikwisha kuifuta. Ramadhani mtu wa chai hana kazi. Birika limelala kifudifudi, majiko yamepoa, na mikono haijui iende wapi.

"Ami Bayumi, hiyo meza itatoboka."

"Acha itoboke, binti yangu. Labda chini yake tutamkuta mwenye akili."

Nermini akacheka kwa kuficha mdomo. Alikuwa amekuja na treni ya asubuhi kutoka Kairo kuweka upya kitu alichokiita tarishi: programu isiyoonekana, inayokaa nyuma ya pazia na kupeleka idhini za madaktari hospitalini. "Kama wewe, ami," alimwambia. "Hakuna anayekuona, lakini ukilala wewe, ofisi nzima haina chai." Tarishi huyo alikuwa amekufa tangu Shaabani, na kila akimfufua, mashine inamkataa.

Ofisini kifo hicho kilikuwa na sentensi moja tu: mfumo umeanguka. Waliitamka kwa raha, huku wakitafuna mbegu za maboga, kama vile mfumo ni mvua na wao ni wakulima. Inshirahi, mkewe Bayumi, aliambiwa sentensi hiyohiyo kwenye benchi hilohilo la ukumbini, akishikilia ubavu wake. Shaabani haikuisha, akazikwa. Mkurugenzi Shaukat alikuja kwenye hema la matanga, akanywa kahawa, akaondoka kabla msomaji wa Kurani hajamaliza fungu lake. Alikuwa na mkutano, alisema. Mkutano na mto wake wa kulalia.

Leo benchini alikaa Umu Fikri, mfuko wa picha za eksirei za mumewe mapajani. Hospitali ilikwisha kumwambia: idhini isipofika leo, kitanda anapewa mwingine.

"Jamani, bado?" aliuliza kutoka ukumbini.

"Bado, mama," Nermini akajibu. Alikwisha kumwondoa tarishi wa zamani, akampa mpya ruhusa zote, akazima hata mlinzi wa virusi. Sasa aliinamia pembe ya kioo, akakunja uso. "Ami, hii kalenda ya Hijria nani ameiweka?"

"Nani tena? Alipokuja Shaabani yule mkubwa wa mkoa mwenye tasbihi ndefu kama kamba ya kisima, bwana wetu akaigeuza ili aonekane mcha Mungu. Yule akasema mashallah mara moja. Tangu hapo haiguswi."

Mkurugenzi akaingia kwa wakati huohuo, kandambili za kutawadhia miguuni, maji yakimchuruzika viwikoni, alama ya kusujudu ikimng'aa kwenye paji kama sarafu ya mtu asiyetoa sadaka.

"Mheshimiwa, nimeliona," Nermini alisema. "Programu inasoma mwaka kama ulivyoandikwa hapa. Inaona elfu moja mia nne na kitu, inadhani cheti chake cha utambulisho kitatolewa baada ya karibu karne sita, inagoma. Turudishe tu kalenda ya Miladia."

"Kalenda ya Waislamu ndiyo kasoro?" Shaukat alipaza sauti ili ukumbi usikie. "Katika mwezi mtukufu? Dada, wewe umefunga kweli?"

"Nimefunga, mheshimiwa. Ni ya mashine tu, si ya—"

"Akipita mtu akaona? Kesho mji mzima useme Shaukat kaifuta Hijria Ramadhani! Baada ya Idi."

"Mume wangu hafiki Idi, bwana," Umu Fikri alisema mlangoni. Hakulia. Alisema kama mtu anayetaja kituo cha kushukia.

"Mwombee, mama. Ndiyo dawa." Mkurugenzi akaifunga mashine kwa neno la siri, akaenda ukumbini alikotandikiwa mkeka wa mbele. Alipenda kuwa imamu. Waliokwama nyuma yake hawawezi kumjibu.

Safu zikapangwa. Nafasi ya Bayumi, pembeni karibu na jiko, ilibaki wazi. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe hakwenda kusimama pale.

Akavuta kibodi.

"Ami, unafanya nini?"

"Kila asubuhi mimi ndiye ninayemwashia bwana wetu mashine, aikute tayari kama sahani ya maharage. Neno la siri ni jina lake mwenyewe, mara mbili. Hakupata lingine la kulipenda." Akaligonga kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, kama anayeua viroboto. "Haya, binti. Swala yake ndefu watu wakimtazama. Ukiulizwa, sema Bayumi."

Nermini akaigeuza kalenda. Akamweka tarishi. Mashine ikanyamaza, ikafikiri, na safari hii haikulia.

"Amekaa," alinong'ona. "Anafanya kazi."

Kutoka ukumbini ikasikika takbira, kisha kimya kirefu cha mtu anayejisikia.

Idhini ya mume wa Umu Fikri ikaondoka kwenda hospitalini, na nakala ikatoka kwenye printa. Mwanamke akaisoma, akaikunja ndani ya mfuko wa eksirei, akawazunguka waliosujudu, akatoka mbio.

Printa haikusimama.

"Ni zile zilizokwama," Nermini alisema. "Tarishi akiamka anapeleka zote, na nakala zinatoka."

Bayumi alizipokea moja moja ili zisidondoke, kama anavyopokea vikombe. Majina ya watu wa mtaani. Mengine alikwisha kuyasikia kwenye kipaza sauti cha msikiti, yakitangazwa na saa ya maziko. Kisha mkono wake ukasimama.

Inshirahi Abdulwahidi. Upasuaji wa figo. Imekubaliwa. Daktari alikuwa ametia saini Shaabani, siku ambayo Inshirahi alikuwa bado anakunywa supu mkononi mwa mumewe na kulalamika chumvi.

"Ami?" Nermini alisema. "Ami, kaa kitako."

Kiti kilichokuwa karibu kilikuwa cha mkurugenzi, cha ngozi, ambacho Bayumi alikuwa amekifuta miaka yote bila kukikalia. Akakikalia. Akaiweka karatasi gotini, akalaza kiganja juu yake. Ilikuwa bado na joto.

Ukumbini wakatoa salamu, kulia, halafu kushoto. Mikeka ikakunjwa. Kandambili zikaanza kuja, chap, chap, zikikaribia mlango.