Bafle Aliyochagua Mama Florentine

Mama Florentine wa ng'ambo ya mto Lukuga aliuza ndagala, dagaa wakavu wa ziwani, miaka ishirini na mbili, na katika soko zima la Kalemie hakukuwa mtu wa kumdanganya kwa gunia. Alikuwa analiinua kwa mikono miwili, analishusha, basi, amekwisha kujua. Gunia zito alilikataa palepale. Ndagala nzito imenyweshwa maji, ao chini kuna mchanga. Ndagala ya kweli imekauka, inajaza gunia mpaka mdomoni, na bado ni nyepesi. Kitu kikubwa na chepesi: hiyo ndiyo ilikuwa elimu yake, na ililisha watoto wake wanne. Lakini siku aliyokwenda na elimu hiyo kununua bafle ya gita, alimpotezea mwanawe Dédé sikio la kushoto.

Ninyi mama wenye watoto wapiga muziki, msicheke. Sikieni ilivyokuwa.

Dédé alikuwa kitinda mimba, mwenye miaka kumi na tisa. Base, gita la sauti nzito, alijifunza katika kwaya ya parokia, na vidole vyake vilikuwa vizuri hata Papa Numbi, mwenye orkestra inayopiga kwenye ndoa na sikukuu, akaja nyumbani kumwomba. Sharti lilikuwa moja: kila mpigaji aje na vyombo vyake. Gita Dédé alikuwa nayo, na ampli, mashine ya kukuza sauti, aliachiwa na mjomba wake. Bafle, lile sanduku la kutoa sauti, ndiyo hakuwa nayo. Basi zamu ya Mama Florentine katika likelemba, mchango wa akina mama wa kupokezana, ilipofika, akafunga pesa kwenye pindo la kikwembe, wakashuka wote wawili mpaka kwa Papa Ilunga, mwenye duka la vyombo vya muziki karibu na bandari.

"Papa Ilunga, tunatafuta bafle ya base," alisema mama. "Yenye kulia sana. Huyu anakwenda kupiga uwanjani, si chumbani."

Papa Ilunga alikuwa na mbili, zimefika na mashua ya Kigoma. Moja ilifika kifuani kwa mtu, ina spika moja pana kama sinia na taa za rangi pembeni. Ya pili haikupita kiuno. Ilikuwa nyeusi, bila taa, ina pembe za chuma na spika nne ndogo zilizopangwa mbilimbili.

Dédé hakuitazama hata mara moja ile kubwa. Alichuchumaa mbele ya ile nyeusi, akapitisha mkono nyuma yake, akasoma maandishi.

"Mama, hii njo ya base."

Mama Florentine akaishika kwa mikono miwili aiinue. Haikutoka chini.

"Eh! Mumetia nini humu? Mawe?"

"Mbao nene, Mama, na sumaku nne," alisema Papa Ilunga. "Base inataka mbao isiyotetemeka. Ile kubwa ni ya kusema. Ya mahubiri, ya mikutano."

"Papa Ilunga, mimi nilizaliwa sokoni. Kitu kidogo kikiwa kizito hivi, kuna muntu ameongeza kitu."

Papa Ilunga akacheka mpaka akashika meza. "Mama, hii si ndagala!"

Kicheko hicho ndicho kilichoharibu mambo. Mama Florentine akaona anafanywa mjinga mbele ya mwanawe, akageukia ile kubwa. Aliiinua: ikaja kama kapu tupu.

"Mama," Dédé alisema, "ngoja nirudi nyumbani, nilete gita na ampli. Tuzijaribu zote mbili hapa inje. Bafle haichaguliwi bila gita."

"Na jua hili? Papa Ilunga, iwashe hii."

Papa Ilunga akaunga simu yake kwenye ile kubwa, akaweka wimbo. Duka lilikuwa dogo, lenye bati juu na ukuta karibu. Sauti ikajaa kila pembe, vikombe vikagongana kwenye rafu.

"Unasikia?" mama alipiga kelele kwa furaha. "Na utaibeba peke yako kwenye pikipiki!"

"Huo ni wimbo wa simu, Mama. Si base."

"Dédé. Mutoto anamufundisha mama yake kununua?"

Pesa zilikuwa za mama, na jasho lilikuwa la mama. Dédé aliipokea ile bafle kwa mikono miwili, akasema asante.

Ndoa ya kwanza ilikuwa Jumamosi mchana, kwenye kiwanja wazi kando ya ziwa. Mama Florentine alikuwa kwa wapishi, anakoroga sombe. Nyimbo za polepole zilipita vizuri. Sebene, ile sehemu ya kasi, ilipoanza, watu wakaingia kucheza, magita mawili yakapanda, ngoma za batri zikalipuka, na base ikapotea. Upepo wa ziwa uliibeba kama moshi.

"Dédé!" Djo, mpiga batri, alimwita kutoka nyuma ya masahani yake ya shaba. "Unapiga base ao unakuna mugongo? Hiyo bafle inasoma rozari?"

"Ongeza!" Papa Numbi akasema.

Dédé akaongeza. Bafle ikaanza kutetemeka na kukoroma kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Akapunguza tena. Lakini mpigaji asiyejisikia hajui yuko wapi. Akavuta kreti tupu ya bia, akaketi katikati ya bafle na batri ya Djo, akalaza sikio lake la kushoto kwenye sanduku. Hapo akajisikia. Na kila Djo alipopiga sahani, ilikuwa ni juu ya kichwa chake.

Mama Florentine alimwona kutoka jikoni. Alimgusa Adrienne, jirani yake, kwa mwiko.

"Ona vile anavyokumbatia bafle yangu! Kweli ameipenda."

Mwaka mzima na miezi miwili Dédé alikaa juu ya kreti. Kila Jumamosi alirudi nyumbani na nyenje wanaolia ndani ya kichwa. Mwanzoni walinyamaza asubuhi. Baadaye walinyamaza Jumanne. Halafu hawakunyamaza tena. Hakumwambia mtu. Angesema nini? Kwamba bafle ya mama haifai?

Nyumbani akaanza kuitwa na kukaa kimya. Mama Florentine akaona ni kiburi cha wanamuziki. Alimgombeza mbele ya wageni. Siku moja alimnyima chakula kwa sababu aliitwa mara tatu bila kuitika, na mtoto akalala hivyo, bila kujua kosa lake.

Ni Adrienne aliyemfungua macho. "Florentine, huyu hana kiburi. Mimi nikimuita nikiwa upande wa kulia, anaitika. Nikiwa upande mwingine, kimya. Ujaribu."

Mama Florentine akachukua kijiko na sahani ya bati, akagonga karibu na sikio la kushoto la mwanawe aliyekuwa anafunga viatu. Dédé aliendelea kufunga viatu.

Hospitalini walimkuta daktari mwanamke, Mama Éliane, mtu wa kusema polepole. Aliwaambia kwamba ndani ya sikio kuna vinywele vidogo vinavyopokea sauti, na kelele ikivilaza siku nyingi, haviamki. La kushoto lilikuwa limekwenda. La kulia lilikuwa limeanza kuchoka, lakini lingeweza kukaa kama angevaa vizibo vya masikio na kuhama kwenye masahani ya batri.

Walirudi kwa miguu. Mama alitembea upande wa kulia.

"Kwa nini hukuniambia, Dédé?"

"Nilikuambia, Mama. Kwa Papa Ilunga."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ingekuwa afadhali.

Papa Numbi aliposikia, aliumia. Aliazima bafle nyingine, fupi na nzito, ya mpigaji mmoja aliyehamia Moba. Wanaume wawili waliibeba mpaka uwanja wa mazoezi. Mama Florentine alikwenda, ingawa hakualikwa, akasimama mbali kwenye ukuta. Dédé alivaa kizibo, akakaa mbali na Djo, akagusa waya mmoja tu, ule mnene. Sauti ilipita ardhini, ikapanda katika miguu ya mama hadi tumboni. Hata Djo hakutafuta mzaha.

Lakini Dédé aligeuza kichwa kushoto, akageuza kulia, kama mtu anayetafuta anakoitwa. Aligusa vifundo vya ampli, akaongeza, akapunguza, akarudisha. Mwisho akaacha. Alimtazama mama yake kule ukutani.

"Mama, kutoka huko unaona je? Imezidi ao inapungua?"

Vijana wote wakamgeukia. Mama Florentine hakujua base inasikilizwaje. Hakuwahi kujua.

"Iko sawa," akajibu kwa nguvu, apate kumfikia. Dédé akatikisa kichwa kukubali, akaiacha hapo, na wakaanza kupiga.