Meno Yenye Mwanya

Polisi wenzake walimpachika jina la Kinyaa kwa sababu maiti yake ya kwanza ilimtapisha mbele ya mkuu wa kituo. Jina likaganda. Alipostaafu alifungua ofisi ya upelelezi juu ya duka la dobi, na wateja walimjua kama mama anayefuta kiti kabla hujakikalia na baada ya kuondoka.

Asubuhi moja ya mvua aliingia mwanamke akiwa amemshika mkono mama mkwe wake. Bibi alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa.

"Mama alitengenezewa meno ya bandia wiki iliyopita," mwanamke akasema. "Tangu hapo mdomo si wake."

"Si wake kivipi?"

"Mama, muonyeshe."

Bibi akaondoa kitambaa. Meno ya juu yalikuwa meupe, na mawili ya mbele yalikuwa na mwanya. Mdomo ukafunguka wenyewe, bibi macho yamemtoka pima, na sauti ya mwanamke kijana ikatoka ikikoroma kama maji machafu bombani.

"Nitoeni. Nimejaa funza."

Harufu ikafuata, ya nyama iliyosahaulika kwenye mfuko wa plastiki. Kinyaa akakimbilia dirishani.

"Yavue, mama! Yavue haraka!"

Bibi akayavua. Uzi wa mate ukanyooka, ukakatika. "Niliagiza meno ya kawaida, mwanangu," akalalamika kwa ufizi mtupu. "Mwanya wa nini na uzee huu?"

Kinyaa aliyageuza kwa ncha ya kalamu. Ufizi ulikuwa wa plastiki, lakini meno yenyewe yalikuwa ya mtu. Yalikuwa yamekatwa mizizi kwa msumeno mdogo.

Aliyafunga kwenye karatasi, akaenda kwa fundi aliyeyatengeneza. Karakana ilikuwa safi, inanukia dawa. Fundi, mwanamume mpole mwenye koti jeupe, alimkaribisha kwa heshima zote. Ukutani palikuwa na picha ya harusi yake. Bibi harusi alikuwa anacheka, na mwanya wake ulionekana toka mlangoni.

"Shemeji yuko wapi?"

"Alinikimbia, dada yangu. Mwezi wa tano huu."

Kinyaa aliyatoa yale meno. Alijua hayasemi bila mdomo, na bibi alikuwa ameapa hayarudii tena. Akafumba macho, akayabana kati ya midomo yake, yakiwa bado na utelezi wa mate ya bibi. Yalikuwa na ladha ya chumvi na udongo. Ulimi wake ukaanza kutikisika, lakini si yeye aliyeutikisa.

"Shimo la choo cha zamani," mdomo wake ukasema. "Nyuma. Chini ya mapipa. Alining'oa nikiwa bado napumua."

Akayatema mezani, akatapika kwenye sinki la fundi. Yule mtu hakukimbia. Alichukua taulo, akampa.

Polisi walifukua mchana huohuo. Walipofunua mfuniko, nzi walitoka kama moshi, na askari wawili wakaenda kusimama barabarani. Kilichotolewa kilikuwa laini kiasi kwamba ilibidi kibebwe kwa turubai.

"Kwa nini meno?" Kinyaa akamuuliza fundi aliyekuwa amefungwa pingu.

"Yalikuwa mazuri," akajibu, kama anayeeleza ufundi wake. "Ningeyatupa?"

Hapo ndipo Kinyaa alipochukizwa hasa. Harufu ya shimo angeoga ikaisha. Sauti ile tulivu ilimganda mwilini kama mafuta ya baridi.

Fundi alihukumiwa kifungo cha maisha. Meno yalizikwa pamoja na mwenyewe, na tangu hapo bibi anakula uji, hataki kusikia habari ya fundi mwingine. Siku ya mazishi, mama wa marehemu alimvuta Kinyaa pembeni.

"Wanasema alisema na wewe. Mwanangu alisema nini?"

Kinyaa alimwangalia.

"Aliomba atolewe tu, mama. Hakuna zaidi."

Yule mama akamkumbatia, akamlilia begani, kamasi na machozi vikilowesha gauni lake. Kinyaa hakujitoa.