Kitambaa Nilichomwekesha Dada

Krismasi ya mwaka jana niliinunua kwa mkopo wa riba, na nikamaliza kuilipa mwezi wa saba. Watoto walishasahau hata ladha ya keki, mimi bado nazunguka njia za nyuma nisikutane na mkopeshaji. Nikaapa kwamba safari hii sikopi hata kibiriti.

Mimi ni fundi cherehani, na najijua. Kitambaa kizuri kikikaa kwangu, kodi ikinibana na mteja akasimama mlangoni na pesa mkononi, nakiuza. Kwa hiyo nilianza kununua mapema, wakati maduka yamepoa na bei iko chini. Kwanza kitambaa cha pamba cha bluu chenye maua meupe, cha gauni la binti yangu, halafu viatu vyake, halafu shati la kaka yake. Kila kitu nilikipeleka kwa dada yangu mkubwa, kikaingia kwenye sanduku chini ya kitanda chake. Nilimwambia asinipe kabla ya Desemba, hata nikija kulia mlangoni. Alicheka, akasema, "Hata ukija na polisi."

Kujibana huko hakukuwa mchezo. Niliacha kusuka nywele, chai nikainywa kavu, na viatu vyangu fundi viatu akachoka kuviona. Binti yangu alikuwa anajua kila kitu. Siku niliyonunua kitambaa alikipitisha shavuni, na tangu hapo kila akimwona Mama mkubwa alimuuliza kama kimelala salama. Mama mkubwa alimjibu kwamba kimelala fofofo.

Desemba ilipoingia, akaja kwangu muuza mayai wa sokoni, anataka gauni la mwanawe. Alipokunjua kitambaa mezani, nilibaki na mkasi hewani. Bluu, maua meupe. Nikajiambia vitambaa hufanana. Lakini mimi pamba siishoni bila kuilowesha kwanza isije ikaruka, ikawa fupi, ikifuliwa, na kabla ya kuilowesha napitisha mshono kingoni isifumuke. Siku niliyokiandaa kile cha binti yangu, cherehani ilikuwa na uzi mwekundu na nikaona uvivu kuubadilisha. Uzi mwekundu ulikuwa pale pale, mshono wangu mwenyewe. Nilipomuuliza amekipata wapi, alinieleza kwa furaha kwamba kuna mama mmoja nyuma ya zahanati alikuwa anauza vitu haraka haraka, bei ya kutupa, pamoja na viatu vya mtoto.

Muuza mayai hakuwa na kosa. Nilipokea kazi, maana mishono ya Desemba ndiyo kodi ya Januari, kisha nikafunga kibanda.

Nilimkuta dada anafua. Sikumsalimia. Nilipita moja kwa moja hadi chumbani, nikalivuta sanduku, likaja jepesi. Alinifuata na povu mikononi na hapo hapo akaanza kulia. Ile televisheni kubwa aliyosema shemeji amemletea, kumbe aliichukua kwa mkopo, kwa mkopeshaji yule yule aliyeninyonya mimi. Marejesho yakamshinda, watu wakaja kuibeba, ndipo akauza vitu vyangu ili ibaki.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ningekuambia, ungekataa."

Sebuleni televisheni ilikuwa inaongea peke yake.

"Wewe ni fundi bwana," akasema huku anajifuta. "Hukosi vipande. Watoto wako hawawezi kukosa nguo."

Angekuwa ameuza kwa ajili ya mgonjwa, hasira yangu ingepata pa kukaa. Nilimkimbilia yeye ili nisijiibie mwenyewe, naye akaniibia ili aangalie michezo ya kuigiza. Niliondoka bila kumtukana, na mpaka leo najuta kutomtukana.

Madukani bei ilikuwa imeshapaa. Mkopeshaji alikuwa amekaa barazani kwake, akaniita "mteja wangu" kwa sauti tamu. Nilipita kama sijasikia.

Gauni nililishona vizuri, kwa sababu sijui kushona vibaya. Muuza mayai alisema mwanawe yuko kwa bibi yake, lakini analingana na wangu, nijaribishie kwake. Nilichelewesha hadi ilipobaki pindo tu. Mwisho nikamwita binti yangu, nikamvalisha.

Alizunguka mara moja. "Mama mkubwa amekitunza vizuri," akasema.

Nilikuwa nimepanga kumficha, awe na mama mkubwa wa kumpenda. Mdomo ukakataa. "Vua, mwanangu. Hilo ni la mtoto wa muuza mayai. Mama mkubwa alikiuza kitambaa chako."

Hakulia. Alifungua vifungo kimoja kimoja, taratibu, asije akalikunja gauni la mwenzake. Aliponikabidhi akauliza, "Kwani nilimkosea nini?"

Nikamwambia hakumkosea kitu. Akasimama na shimizi lake, akinitazama, akisubiri niendelee. Nilivuta kiti, nikaanza kupiga pindo.