Panya Madume na Dawa ya Uzazi

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na naomba tusipoteze muda kumtafuta mwingine.

Kazi yangu ni kulisha panya. Si wa nyumbani, hao hujilisha wenyewe. Nalisha panya weupe wa maabara inayopima usalama wa dawa za miti shamba. Wataalamu hutaka kujua kama mzizi fulani unadhuru ini, figo au mimba. Mimi nawapa panya chakula na maji na kubadilisha maranda wanayolalia. Ukikaa miaka mingi kwenye kazi hiyo unaanza kujiona daktari. Majirani walikuwa wananiuliza habari za vidonda vyao, nami nilikuwa nawajibu.

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba, mimba yetu ya kwanza. Mama yake akaja kukaa nasi, na begi moja la nguo na chupa kubwa ya maji ya mizizi, rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni.

"Anywe kikombe kila siku mpaka ajifungue," alisema. "Inafungua njia. Uchungu hauchelewi."

Mama mkwe wangu ni mtu ambaye mzaha ukimfikia hugeuza njia ukarudi ulikotoka. Nimekuwa nikimchekesha tangu siku ya posa na bado sijaliona jino lake.

Mke wangu hakutaka kuinywa ile dawa, wala hakutaka kumkatalia mama yake. Akanivuta chumbani.

"Wewe si unashinda na wapimaji? Wapelekee. Wakisema nzuri, nitakunywa. Wakisema mbaya, nitakuwa na la kumwambia mama."

Kesho yake nikamimina dawa kidogo kwenye kichupa, nikaenda nayo kazini. Mwenye akili angempa mkuu wa maabara. Mkuu wetu ni mama mmoja tunayemwita Bi Kipimo, kwa sababu ukimwambia "habari za asubuhi" anatazama saa kwanza. Nikaona ya nini kumsumbua, na fundi mwenyewe nipo? Nikachagua kizimba cha pembeni, chenye panya waliostaafu, ambao hakuna mtafiti aliyekuwa na shida nao. Nikawadondoshea dawa mdomoni kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Nikawatazama mpaka saa ya kutoka. Walikula, wakalala, na mmoja akaning'ata kidole. Nikaihesabu kuwa dalili ya afya njema.

Jioni nikatangaza nyumbani: "Imepimwa. Panya wote wazima."

Mama mkwe akaniita "mwanangu" kwa mara ya kwanza. Mke wangu alinitazama kama mwanafunzi aliyenong'onezewa jibu na mwenzake asiyesoma. Akasema basi, ataanza kesho baada ya chakula cha mchana.

Asubuhi yake Bi Kipimo alisimama mbele ya kile kizimba, akanusa.

"Hawa wamekunywa nini?"

"Dawa ya mama mkwe, mkuu. Ya wajawazito. Nilikuwa naipima."

Akamtoa mmoja, akamgeuza tumbo juu, akamtazama, akamrudisha taratibu.

"Hawa ni madume."

"Ndiyo, mkuu."

"Wanatarajia kujifungua lini?"

Mpimaji wa meza ya pili alitoka nje kwenda kucheka. Alifanya hivyo kwa heshima, maana angeweza kucheka palepale.

Nilipoeleza kwamba mke wangu ataanza kuinywa mchana huohuo, Bi Kipimo aliomba dawa iliyobaki kwenye kichupa. Kupiga simu ilikuwa kazi bure. Simu ya mke wangu siku hizo ilipokelewa na mama yake, na sikuwa na jibu la kumpa. Nikasubiri.

Bi Kipimo alichukua kipande cha mfuko wa uzazi wa panya jike, akakining'iniza kwenye maji ya chumvi yenye joto la mwili, akakifunga uzi unaovuta kalamu. Kipande kilitulia, kalamu ikachora mstari ulionyooka. Akadondosha dawa ya mama mkwe. Kalamu ikapanda kama inakwea mlima. Kile kipande kilikuwa kimejikunja kama ngumi.

"Inafanya kazi," alisema Bi Kipimo. "Ndio ubaya wake. Inaleta uchungu, na mwanao hajakomaa."

"Kwa hiyo itamdhuru mke wangu?"

"Hiki ni kipande cha panya, si mkeo. Hakiwezi kuniambia kwamba itamdhuru. Kinaniambia nisithubutu kumpa. Hao mabwana wako hawakuwa na cha kukunja."

Nilikimbia. Nilipofika sahani zilikuwa bado mezani na kikombe kiko mkononi mwa mke wangu, kimejaa.

"Usinywe!" nikasema, nikihema. "Imeonekana mbaya. Inakunja mfuko wa uzazi."

"Imeonekana na nani?" akauliza mama mkwe. "Jana si panya walikubali?"

"Wale walikuwa madume, mama."

"Na leo?"

"Leo ni jike."

"Aa. Madume wakisema, tunasikiliza. Jike akisema, tunaitupia lawama dawa." Akamgeukia binti yake. "Kunywa, mwanangu. Wewe si panya."

"Mama, jana hukusema kwamba yeye si panya," nikamkumbusha.

"Jana ulikuwa na adabu." Akaisogeza chupa katikati ya meza, kama anayeleta shahidi. "Sikiliza, mkwe. Mimi sikusomea panya. Hii nimeinywa mimba zangu zote saba, na hakuna hata moja iliyochelewa."

Mke wangu akakiweka kikombe mezani, akakisukuma polepole mpaka kikagusa chupa.

"Ni kweli, mama, hazikuchelewa," alisema. "Tatu ziliwahi mno, ndiyo maana tuko wanne."