Kapu la Uscata

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Pwani ya Orista mgeni alikuja, mwenyeji akaanza kufa.

Wahispania walishuka na msalaba, nguruwe na homa. Wakajenga ngome ya magogo kando ya kinamasi, na ndani yake kanisa lililoezekwa makuti. Homa ilimchukua Uscata, binti wa Orista, mdogo wake Chuleya, muda mfupi baada ya kuolewa na askari wa ngome aitwaye Lope Bermejo. Padri Anselmo alikuwa amembatiza kwa jina la Beatriz, basi akamzika kama Beatriz: chini ya sakafu ya udongo ya kanisa, pale pale watu wanaposimama kusali.

Chuleya aliona, akangoja. Alidhani wageni nao wana siku yao ya kuwatoa wafu. Kwao maiti hulazwa juu ya uchanja mpaka nyama iishe; kisha ndugu wa kike huikwangua mifupa kwa gamba la kome, huiosha, huitia kapuni na kuipeleka nyumba ya mifupa, ikae na wazee wake. Mahindi yakapandwa, yakavunwa. Siku ya kumtoa Uscata haikufika.

Majani yalipoanza kuanguka, mji ulianza kufunga mizigo. Kila kipupwe mji huo wa Orista hutawanyika, kila ukoo huingia msituni kuokota matunda ya mialoni. Ndipo Uscata alipoanza kuja.

Alikuja jua likiwa juu, Chuleya akichoma chaza. Aliketi ng'ambo ya moto, amempa mgongo. Nywele zake zilikuwa zikidondosha mchanga, kidogo kidogo, bila kukoma.

"Dada," alisema, "leo wamenikanyaga wengi."

"Akina nani?"

"Wote. Mnahama lini?"

Mdogo wake hakusubiri jibu. Mkekani alipoketi palibaki kichuguu cha mchanga wenye unyevunyevu. Siku iliyofuata kichuguu kilikuwa kikubwa zaidi, na Uscata alikuwa mdogo zaidi, mabega kama ya mtoto. Chuleya akaelewa: akichelewa, hakutakuwa na mtu wa kuchukua. Patabaki mchanga tu.

Akamwendea Padri.

"Nipe ndugu yangu. Tunahama."

"Beatriz yuko mbinguni, mama."

"Jana alikuwa kwangu."

Padri akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Basi akija tena mwambie awasalimie malaika! Sikiliza. Aliyezikwa kanisani hafukuliwi. Ukiigusa sakafu ile utachapwa viboko."

Adhuhuri, Wahispania walipokwisha kula, walilala wote, hata mlinzi wa lango. Chuleya aliingia kanisani na kapu na jembe la gamba. Hakujua achimbe wapi. Akasimama, akatazama. Karibu na ukuta, sakafu ilikuwa ikiinuka na kushuka polepole, kama kifua cha mtu aliyelala.

Akachimba hapo. Nywele ndizo zilizotangulia, na ndani ya nywele vidole vidogo vya mfupa. Mtoto wa kigeni, aliyezikwa ubavuni mwake, alikuwa amemshika Uscata. Chuleya alivuta; vidole vikakaza.

"Mwanangu, mwachie," alinong'ona. "Huyu si mama yako. Mwachie aende kwao."

Vidole vikafunguka, kimoja baada ya kingine.

"Shemeji! Unafanya nini?"

Lope alisimama mlangoni, amekonda, hana viatu. Chuleya hakuinua kichwa.

"Wewe unaona nini?"

Lope alisogea mpaka ukingoni mwa shimo. Mchanga ulikuwa umejaa kwenye ndevu zake.

"Kwangu hukaa kitandani," alisema. "Kila nikiamka nakung'uta shuka."

"Anakwambia nini?"

"Hanisemeshi. Amenipa mgongo."

"Na ukanyamaza!"

"Ningemwambia nani? Padri angesema ni shetani."

"Mume gani wewe! Haya, shika kapu."

Akalishika. Akapiga magoti, akalisogeza karibu na shimo. Chuleya aliiweka mifupa, mirefu chini, kichwa juu, kisha akaurudisha udongo juu ya mtoto na kuushindilia kwa viganja.

Walipogeuka, Padri Anselmo alikuwa ameziba mlango, shuka la kulalia begani.

"Lope! Mkamate mwanamke huyo!"

Lope alimpa Chuleya kapu. Halafu akamshika Padri mkono, taratibu, kama anayemsaidia mzee kupita kwenye tope, akamtoa mlangoni.

"Mpishe shemeji yangu, Padri."

"Nitamwita kapteni! Mtachapwa wote wawili!" Padri alimnyooshea Lope kidole. Kisha akamgeukia Chuleya, na sauti ikapungua. "Umeipasua nyumba ya Mungu. Omba radhi tu, mwanangu. Neno moja, nami sitamwita mtu."

Chuleya alikuwa tayari nje juani, kapu mgongoni. Aligeuka.

"Siombi," alisema. "Mwite umtakaye. Nimemchukua ndugu yangu, na ukimficha tena nitachimba tena. Siombi radhi."