Vumbi la Kumwita Mutsinzi

Mimi sikuzaliwa na subira, na mpwa wangu Umulisa anajua. Nilipoona mashine zetu za kushona zinalegea kila alasiri, hapa dukani kwetu Biryogo, nilimuuliza kama ameifuta paneli ya sola paani. Akasema ameifuta. Alinidanganya mchana kweupe.

Aliyetufungia paneli ile ni Mutsinzi, kijana wa maneno matamu. Ndiye aliyemfundisha Umulisa kuwa moshi wa brosheti za jirani, mishikaki yake ya kuchoma, una mafuta, mafuta hushika vumbi la kiangazi, na mvua peke yake haiwezi kitu. Aifute asubuhi na mapema, kioo kikiwa baridi, kwa maji safi na kitambaa laini, bila sabuni. Basi msichana akachagua mabaki ya pamba laini kuliko yote dukani, akawa anapanda kila siku. Mutsinzi naye akawa anapita kukagua, hata pasipo cha kukagua. Mara akaacha kuja, na simu hapokei.

Nilipanda mwenyewe, na magoti yangu haya. Kioo kilikuwa chekundu kwa vumbi, ungeweza kupanda maharage. Nikashuka nimefura, nikamwambia anataka tufe njaa. Umulisa akalia. Akanieleza kuwa Mutsinzi huona kwenye simu yake umeme wa kila paa, na kwamba aliwahi kumwahidi: wa kwenu ukishuka, nitakuja mwenyewe.

Hasira zikaniisha. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, nami nilikaa naye meza moja bila kusikia. Nikamwambia tungoje.

Jumamosi asubuhi pikipiki ikasimama mlangoni. Umulisa alikuwa ameshainuka, anaweka sawa kitambaa cha kichwani. Akaingia Audace, fundi mwenzake Mutsinzi, amevaa viatu vya sherehe.

“Mutsinzi hakuona?” Umulisa akamuuliza.

“Aliona tangu wiki ile. Alisema nikuje mimi.” Audace akatazama viatu vyake. “Yeye leo iko na gusaba, kule Kanombe. Sisi wote tunaenda.”

Gusaba, siku ya kuposa mbele ya wazee wa pande zote mbili. Umulisa akamwambia asipande, atachafua viatu. Akachukua ndoo na kitambaa chake cha kufutia, akapanda mwenyewe, akakawia huko juu. Moyo uliniuma vibaya.

Aliposhuka, mashine zilikuwa zinakimbia na taa ya mezani inawaka kwelikweli. Akaketi chini yake, akajaribu kutia uzi kwenye sindano, akashindwa, akajaribu tena. Nikamchukulia sindano nimtilie. Nami sikuliona tundu.