Funguo Tatu za Chumba cha Kompyuta

Kila Jumatatu, baada ya kipindi cha pili, mwalimu wa darasa la sita alichora kompyuta ubaoni. Alianza na kioo, akashuka kwenye kibodi, akamalizia na kipanya na mkia wake. Aliichora kwa rula, ikanyooka, maana miaka ishirini na tisa ya chaki si mchezo. Watoto nao walitoa vipande vyao vya boksi. Kila mmoja alikuwa amechora kibodi yake kwa kalamu, herufi moja ndani ya kila chumba, kuanzia A kwenda mbele, kama mwalimu alivyowaonyesha. Mwalimu akisema, "Haya, andika jina lako," watoto arobaini na wawili waligonga maboksi kwa pamoja, na darasa likasikika kama bati linaponyeshewa manyunyu.

Kompyuta za kweli zilikuwepo. Zilikuwa ishirini, mpya kabisa, hatua thelathini kutoka hapo, kwenye chumba chenye mlango wa nondo. Mlango ulikuwa na kufuli tatu. Ufunguo wa kwanza alikaa nao mwalimu mkuu, wa pili makamu wake, wa tatu mwalimu wa darasa la sita. Walipanga hivyo siku kompyuta zilipoletwa, ili kitu kikiharibika asilaumiwe mtu mmoja. Basi kufungua kulitaka wawepo wote watatu. Mkuu akiwepo, makamu ana kikao. Makamu akiwepo, mwalimu wa darasa la sita ufunguo kausahau kwenye mkoba mwingine. Miaka miwili ikapita hivyo.

Kila mtu alikuwa na lake. Mkuu aliogopa vumbi, panya na wakaguzi. Makamu, ambaye mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mtu yeyote pale shuleni, alisema mtoto akizoea kubonyeza, mkono utasahau kuandika.

"Mtatuletea watoto goigoi," alisema, akipuliza chai yake.

Mwalimu wa darasa la sita naye alikuwa na lake. Yeye alikuwa amepelekwa kwenye mafunzo ya siku mbili. Siku ya kwanza alikiinua kipanya akakielekeza kwenye kioo, kama mtu anayezima televisheni. Kijana aliyekuwa akifundisha alicheka. Hakucheka sana, lakini alicheka. Siku ya pili mwalimu alikaa nyuma kabisa, mikono mapajani, akaangalia saa ya ukutani hadi jioni. Tangu hapo, kila alipopita mbele ya mlango ule wa nondo, aliwasikia watoto wake arobaini na wawili wakimcheka, na walikuwa bado hawajacheka.

Miongoni mwao alikuwemo binti wa mshonaji. Mama yake ndiye aliyeshona vitambaa vya kufunikia kompyuta zote ishirini. Kwenye orodha iliyobandikwa mlangoni, binti alipangiwa kompyuta namba kumi na moja, kila Alhamisi. Orodha ilikaa juani mpaka maandishi yakapauka, lakini yeye zamu yake aliikumbuka. Muhula wa pili kifua kikamlaza kitandani. Akalala na kipande chake cha boksi tumboni, akifanya zoezi.

Siku hiyohiyo namba kumi na moja ikawaka. Mfagizi ndiye aliyeiona kupitia dirishani, akaenda ofisini.

"Mkuu, kompyuta moja inaandika."

"Imechomekwa kwenye umeme?"

"Waya bado uko kwenye plastiki yake."

"Basi haiwezi kuungua," alisema Mkuu, akaendelea kujaza fomu.

Kitambaa kilikuwa chepesi, kwa hiyo maandishi yalipenya. Mwalimu wa darasa la sita alisimama dirishani akayasoma: "Shikamoo mwalimu. Leo siji. Nafanya zoezi nikiwa nimelala. Yanafika?" Watoto wengine waliposikia, walibonyeza maboksi yao mpaka yakatoboka, lakini ya kwao hayakufika. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Jioni mwalimu alikwenda kumwona mgonjwa. Alimkuta amekonda, macho makubwa.

"Yanafika, mwanangu," alimwambia. "Nimeyasoma yote."

"Asante, mwalimu. Mama naye amesema hivyo." Binti alipumua kwanza. "Lakini nyinyi mnasema ili nilale. Nijibu kulekule. Ukinijibu kule, boksi litabonyea lenyewe, nitajua."

"Nitakujibu."

"Lini?"

"Alhamisi," alisema mwalimu, kwa sababu ndiyo ilikuwa zamu ya binti.

Alhamisi asubuhi mshonaji alifika shuleni, futi yake ya kupimia ikiwa bado shingoni, akaketi kwenye benchi la ofisini. Mkuu alimwambia makamu ana kikao. Mama akasema atangoja. Makamu aliporudi, mama alikuwa palepale.

"Mama, mtoto anahitaji dawa, si kompyuta," alisema makamu, kwa upole tu.

"Dawa anazo, Mwalimu. Hili ndilo hana."

Saa sita walisimama wote watatu mbele ya mlango, kila mmoja na ufunguo wake. Kufuli zilikuwa zimeshika kutu. Mshonaji alitoa kwenye mkoba kichupa chake cha mafuta ya cherehani, akadondosha tone kwenye kila kufuli, zikafunguka. Ndani kulinuka plastiki mpya. Mkuu alikifunua kitambaa cha namba kumi na moja kwa vidole viwili. Kwenye kioo kulikuwa na neno moja, jipya la asubuhi hiyo: "Yanafika?"

"Nani abonyeze?" aliuliza Mkuu.

"Mkono wangu mimi ni wa kalamu," alisema makamu.

"Na mimi ikizimika, itaandikwa nimezima mimi," alisema Mkuu.

Wakamtazama mwalimu wa darasa la sita. Aliinua kidole. Alitaka kuandika "Ndiyo", basi akaitafuta N pale ilipokaa siku zote, katikati, baada ya M. Haikuwepo. Akaitafuta A mwanzoni mwa mstari wa juu, akakuta Q. Aliangalia mstari wa juu, wa kati, wa chini. Miaka miwili ya Jumatatu ilipita mbele yake, moja moja, na maboksi yote arobaini na mawili. Kidole kikarudi chenyewe kwenye kiganja.

"Hii ina kasoro," alisema. "Herufi zimechanganyika."

"Si nilisema?" alisema Mkuu, na mabega yake yakashuka kwa nafuu. "Imeharibika hata kabla ya kuguswa. Tufunge, jamani, isije ikaambukiza nyingine."

"Nipisheni mimi nibonyeze," alisema mshonaji.

"Mama, wewe si mtumishi hapa. Kikitokea kitu nitasema nini?" aliuliza Mkuu.

Mshonaji aliwatazama mmoja mmoja. "Cherehani yangu ilinitoboa kidole wiki ya kwanza," alisema. "Sikuifungia chumbani."

Mkuu alikirudisha kitambaa. Kufuli zilifungwa, na safari hii zilifungika vizuri, maana zilikuwa na mafuta.

Binti alifariki Jumamosi, kabla ya adhuhuri, vidole vyake vikiwa juu ya boksi. Walimu walikwenda kuzika. Mkuu alizungumza maneno mazuri kuhusu watoto wenye bidii. Mwalimu wa darasa la sita alilia hadi akashikwa mkono, na kilio kile kilikuwa cha kweli.

Jumatatu namba kumi na moja iliandika: "Shikamoo mwalimu. Yanafika?"

Kwenye kikao cha walimu likaja suala la daftari la mahudhurio. Mkuu alisema mtoto anayefanya zoezi kila siku hawezi kuandikwa mtoro. Makamu alisema yeye haoni mwandiko hapo, anaona kubonyeza tu. Waliafikiana aandikwe yupo, kwa kalamu ya risasi. Mwisho wa muhula Mkuu aliandika kwenye taarifa yake kwamba chumba cha kompyuta kinatumika, isipokuwa kompyuta moja ina kasoro ya herufi.

Kule nyumbani boksi lilibaki kitandani. Kila asubuhi mshonaji aliliona likibonyea lenyewe, chumba kimoja kimoja. Alivumilia kwa siku kadhaa. Kisha akalichukua, akaja nalo shuleni, akakaa kwenye kiti cha mbao nje ya dirisha la chumba cha kompyuta, boksi mapajani. Alipoweka vidole juu yake, alihisi herufi zikishuka, na kwenye kitambaa alichokishona mwenyewe akasoma zilivyojipanga: "Yanafika?"

Mwalimu wa darasa la sita alikuwa akitoka darasani, akaja akasimama karibu naye. Wakasalimiana kwa sauti ya chini, kama watu wa msiba mmoja.

Mshonaji alingoja boksi litulie. Herufi zilifuatana kama alivyozisoma yeye mwenyewe utotoni, kwa hiyo hakuhangaika kuzitafuta. Alibonyeza kwa kidole kimoja, kile chenye kovu la sindano. Kwenye kitambaa kukatokea: "Yanafika."

Halafu boksi likabonyea: "Nani?"

"Mama," aliandika mshonaji.

Boksi lilibonyea haraka haraka, huku na huku, bila neno lolote, kama mtoto anayepiga miguu kitandani. Mshonaji alicheka, na machozi yakadondoka kwenye boksi, akayafuta upesi kwa upande wa khanga wino usije ukatoka. Kisha herufi zikashuka taratibu:

"Mwalimu je?"

Mshonaji alilisogeza boksi, nusu likawa mapajani mwake na nusu hewani, upande aliposimama mwalimu.

"Hapa hakuna kufuli, Mwalimu."

Mwalimu alilitazama boksi. A ilikuwa mwanzoni, M na N zimekaa jirani, kama alivyofundisha. Aliitazama mikono yake, ilikuwa imejaa chaki.

"Nitalichafua," alisema.

Mshonaji alingoja kidogo, kwa adabu. Halafu akalirudisha boksi mapajani, akaandika, herufi baada ya herufi: "Mwalimu yupo. Ana kipindi."

Mwalimu aliyasoma maneno yale kupitia dirishani, yakijiandika juu ya kitambaa, mpaka kwenye nukta. Kisha, ili yasiwe uongo, akaenda darasani.